Safari Yangu ya Kwanza Bariadi: Metali Ndani ya Maji

Basi lilitoka Mwanza alfajiri. Wilayani Magu tukavuka mto Simiyu, ule ulioupa jina mkoa ulioanzishwa mwaka 2012. Lamadi tukaiacha barabara ya Musoma, tukashika ya Bariadi. Chuoni nilifundishwa jinsi metali inavyonaswa kutoka kwenye maji. Sasa nilitaka kuiona kazi hiyo kwa macho yangu.

Nilimwamkia mzee aliyeketi kando yangu.

"Marahaba, mwanangu. Unafuata pamba?"

"Hapana mzee, nafuata nikeli."

Akanyoosha kidole kuelekea vilima vya Dutwa. "Walichoronga huko, wakabeba mawe kwenye masanduku, wakaenda zao."

Ndivyo ilivyokuwa. Kampuni ya African Eagle ya Uingereza ilipima nikeli ya Dutwa. Nikeli hiyo imetawanyika ndani ya udongo, haiokotwi kama jiwe. Udongo wa namna hiyo huloweshwa kwa asidi, nikeli ikayeyukia majini, kisha hutafutwa njia ya kuitoa humo.

Njia mojawapo ni resini: punje ndogo za plastiki, mfano wa ulezi, zilizopachikwa molekuli zinazoibana metali pande zaidi ya moja kwa wakati mmoja. Wanakemia walizipa jina linalotokana na neno la Kigiriki lenye maana ya gando la kaa. Maji yakipita, magando hayo hushika nikeli au shaba, na chumvi ya kawaida huachwa ipite. Punje zikisuuzwa kwa asidi huachia kile magando yalichokishika, zikatumika tena.

Bariadi sikukuta resini. Nilikuta ndugu yake, kaboni. Kwenye machimbo madogo ya dhahabu nje ya mji, wachimbaji walikuwa wameloweka marudio, yaani mchanga uliokwisha kusagwa kwenye karasha na kuoshwa, ndani ya matangi ya sayanaidi. Maji yanayochuruzika humo hupitishwa kwenye kaboni ya vifuu vya nazi, nayo huinasa dhahabu. Mama msimamizi akanimiminia kiganjani punje kavu ambazo hazijatumika: nyeusi, nyepesi, zenye kukwaruza.

"Sasa hivi ni makaa tu," akasema. "Zikishiba, ni ada ya watoto."

Hatua chache kutoka hapo lilikuwapo dimbwi la mwalo, wanapooshea mchanga kwa zebaki. Maji yalikuwa ya kijivu, yametulia, na hapakuwa na chochote cha kuyachuja. Zebaki nayo ni metali, na ziko resini zenye salfa zinazoikamata ile iliyoyeyuka majini. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata wa kudhibiti zebaki mwaka 2020.

Jioni wingu lilitanda, nami, nikiwaza mvua ikilifurisha dimbwi lile, nikaukumbuka ule mto tuliouvuka asubuhi. Mto Simiyu humwaga maji yake Ziwa Victoria, tunakovua sangara na dagaa. Vyuo vyetu na halmashauri zijaribu tangi moja dogo la resini kwenye mwalo mmoja. Dhahabu tumekwisha kujua kuinasa kwa sababu inalipa. Zebaki tuinase kwa sababu maji haya tunayanywa.