Damu ya Msichana

Neno "mvivu" ni jepesi kulitamka na zito kulibeba. Katika miaka yangu ya ualimu nimelisikia mara nyingi likitupiwa wasichana waliosinzia darasani au waliobaki nyuma uwanjani. Nakuomba, msomaji, kabla hujalitumia neno hilo, uulize kwanza habari za damu.

Damu ni mchukuzi. Hupokea hewa safi mapafuni, ikaifikisha katika kila kiungo, na chombo chake cha kuchukulia hutengenezwa kwa madini ya chuma. Madini hayo yakipungua, mwili hufanana na jiko lililokosa upepo: makaa yamo, lakini moto hauwaki. Kichwa huuma, moyo hwenda mbio, viganja hupauka, na somo halishikiki.

Mbona wasichana hasa? Katika umri wa ujana mwili hukua upesi na kudai damu zaidi, na wakati huo huo hedhi huanza kuipunguza kila mwezi. Mapato ni yale yale, matumizi yamezidi. Juu ya hayo huja maadui wengine. Malaria huharibu chembe za damu. Minyoo ya safura hupenya nyayo zisizo na viatu, ikanyonya damu tumboni kimya kimya. Mimba ya mapema humlazimisha mtoto kugawana na mtoto mwenziwe damu isiyomtosha yeye mwenyewe. Hata chai, tuipendayo sana hapa Kenya, inywewapo pamoja na chakula huzuia chuma kisiingie mwilini.

Nilimjua msichana mmoja aliyenunua udongo wa kula sokoni, akautafuna kwa siri. Wenzake walimcheka. Muuguzi hakumcheka, alimdunga kidole, akapima damu, akaona gramu 8 kwa desilita, hali msichana wa umri wake hatakiwi kuwa chini ya gramu 12. Hedhi yake ilidumu siku nyingi, naye aliona haya kusema. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Alipewa vidonge vya madini ya chuma kwa miezi kadhaa, na tamaa ya udongo ikamtoka bila kukemewa na mtu.

Basi, msomaji, usidharau maharagwe, kunde, mboga za majani wala omena. Na chungwa au ndimu mezani huusaidia mwili kupokea chuma. Vaa viatu, lala ndani ya chandarua. Ukichoka pasipo sababu, nenda ukapimwe, wala usimeze vidonge kwa kubahatisha, kwa maana ugonjwa wa selimundu pia hupunguza damu, na tiba yake ni nyingine.

Uvivu ni kasoro ya nia, nao huonywa. Upungufu wa damu ni dhiki ya mwili, nao hutibiwa. Asiyepambanua mambo haya mawili humwadhibu mgonjwa.