Yangeyange wa Sabaki na Mizani Nane

Juma hili tunawaomba wasomaji wetu, na hasa mama zetu na dada zetu, watufuate katika safari fupi ya pwani yetu wenyewe, kutoka Sabaki hadi Mida. Anayekusudiwa ni ndege mmoja mweupe, ambaye wengi wetu tumemwona tangu utotoni bila ya kumtazama.

Ukitoka Malindi kwa njia ya Mambrui, baada ya kilomita chache utalivuka daraja la Sabaki. Chini yake hupita maji mekundu yaliyotoka mbali sana, nyanda za juu za bara, yakaitwa Athi huko, kisha Galana, hata yafikapo kwetu yakawa Sabaki. Wakati wa mvua mto huu huibadili rangi bahari ya Malindi, ikawa kama chai ya maziwa. Wageni hulalamika kuwa maji si safi kwa kuogelea. Lakini udongo ule ule ndio unaotandaza mdomoni mwa mto matope mapana, na katika matope hayo mna vijisamaki, kamba na vidudu vya kila namna. Hiyo ni meza iliyoandaliwa, na wageni wake ni ndege: membe, sululu, pengine heroe kwa makundi, na yangeyange.

Yangeyange ana mwili mweupe pe, mdomo mweusi mwembamba, miguu myeusi na nyayo za manjano, kana kwamba amevaa makubadhi. Husimama katika maji haba, kimya, kisha hutikisa wayo mmoja taratibu. Samaki mdogo aliyejificha hushtuka na kutoka, na hapo ndipo riziki yake ilipo. Anaporuka hakunjui shingo mbele kama bata. Huikunja kifuani, akainyosha miguu nyuma, akapiga mbawa pole pole pasi na haraka. Ana ndugu yake afuataye ng'ombe malishoni, na mwingine wa ufukweni ambaye katika aina hiyo hiyo moja wamo weupe na wamo wenye rangi ya majivu, wakila pamoja bila ya mmoja kumdharau mwenziwe.

Tulipowauliza wanafunzi wa darasa letu jina la ndege huyu, wengi walijibu, "Ni ndege mweupe." Mmoja alisema ni bata. Hawa ni watoto waliozaliwa mwendo wa nusu saa kutoka mtoni. Jambo hili lilitushughulisha, kwa kuwa jina likipotea, kilichoitwa nalo hakikawii kusahauliwa, na kilichosahauliwa hakina wa kukitetea.

Wazee wetu waliijua dawa yake, nayo ni ushairi. Marehemu Sheikh Ahmed Nabhany, aliyefariki mwaka 2017, alitunga Sambo ya Kiwandeo ili majina ya viungo vya chombo cha baharini yasizame, na akatunga Umbuji wa Mnazi ili mnazi usibakiwe na jina la nazi tu. Kabla yake, mwaka 1858, Mwana Kupona alimwachia binti yake wasia kwa utenzi, kwa kuwa alijua kwamba neno lililopimwa hukaa kifuani kuliko neno lililomwagwa. Kwa kufuata njia hiyo, tuliwaongoza watoto kutunga utenzi wa yangeyange. Kila kipande kina mizani nane. Vipande vitatu vya mwanzo vina kina kimoja, na cha nne hubeba bahari ya utenzi mzima. Baada ya kusahihishana, beti zilitoka hivi:

Yangeyange wa Sabaki
Mweupe, hana hamaki
Asimama, hashituki
Miguu i matopeni.

Kwa wayo huyachezea
Maji yaliyotulia
Samaki akikimbia
Amekwisha mdomoni.

Kisha hutweka matanga
Miguu nyuma huunga
Akauacha mchanga
Akaelea hewani.

Nguvu za bawa si zake
Ni za Yule, Mola wake
Ndiye asema aruke
Na arudi salamani.

Mzazi mmoja alitufikia kwa adabu akauliza: saa ya madrasa ni ya Qur'ani, ndege ana faida gani humo? Swali lake ni la mzazi mwenye uchungu na dini ya mwanawe, na linastahili jawabu. Tulimwambia kuwa Qur'ani yenyewe ndiyo iliyotutuma kumtazama ndege. Katika Sura ya Al-Mulk, aya ya 19, tunaulizwa kama hatuwaoni ndege juu yetu wakikunjua mbawa na kuzikunja, nao hawashikwi na yeyote ila Mwingi wa Rehema. Katika Sura ya An-Nur, aya ya 41, tunafahamishwa kuwa ndege waliokunjua mbawa wanamtakasa Mola wao, na kila mmoja ameijua sala yake. Mtoto anayehifadhi aya hizi asiwahi kuinua macho, ameihifadhi herufi na hakuijibu aya. Ubeti ule wa nne haukutoka popote ila humo. Mzazi alinyamaza kidogo, kisha akaomba aandikiwe beti zile apeleke nyumbani.

Tuendelee na safari. Kusini ya Malindi, ukipita Gede yenye magofu ya msikiti na kaburi lililoandikwa mwaka wa Hijria 802, yaani 1399, utafika Mida. Hapa bahari imeingia bara ikajitengenezea hori kubwa lililozungukwa na mikoko, michu, mikandaa na mililana. Maji yakijaa, huoni ila vilele vya miti. Yakitoka, hufunuka uwanja mpana wa tope, na ndege hushuka kama waliosikia adhana. Wako wanaokuja kutoka Ulaya na Asia wakati kwao ni baridi. Yuko mla kaa, ambaye huzaa katika fukwe za Uarabuni na Ghuba, kisha huja kwetu kama yalivyokuja majahazi ya kaskazi. Yangeyange yumo katikati yao kama mwenyeji. Hori hili limo katika hifadhi ya bahari ya Watamu, iliyowekwa mwaka 1968, na kuna daraja la mbao lililoning'inizwa juu ya mikoko ambalo familia inaweza kupita na watoto bila ya kukanyaga tope.

Lakini hifadhi ya karatasi haitoshi. Mkoko mmoja ukikatwa kwa ajili ya boriti au mkaa, samaki hukosa kitalu, mvuvi hukosa chambo, na ndege hukosa tawi la kulala. Hasara hiyo huanza tumboni mwa hori na kuishia chunguni kwetu.

Na yaliyompata ndege huyu kwingineko ni funzo. Miaka zaidi ya mia moja iliyopita, wanawake wa Ulaya na Marekani walipenda kupamba kofia zao kwa nyoya laini ambazo yangeyange huota wakati wa kutaga. Aliuawa ndege mzazi, makinda yakabaki kiotani yakifa kwa njaa. Walioinuka kuipinga biashara hiyo walikuwa wanawake pia: mwaka 1889, katika mji wa Manchester, Emily Williamson aliasisi chama cha wanawake walioahidi kutovaa nyoya hizo, na mwaka 1921 Uingereza ilipitisha sheria ya kuzuia kuziingiza nchini. Pambo lilianzia kwa wanawake, na tiba ikaanzia kwao.

Sisi tunalo la awali zaidi. Amepokea Abu Daud kuwa Masahaba safarini waliyachukua makinda mawili ya ndege, mama yao akaja akitandaza mbawa kwa huzuni. Mtume, rehema na amani zimshukie, akauliza ni nani aliyemsononesha kwa wanawe, akaamuru warudishiwe. Mama msomaji, wewe unaijua huzuni ile. Mwanao akirudi na manati mfukoni, msimulie kisa hicho kabla ya kumkemea.

Kwa hiyo nasaha yetu ni nyepesi. Jumamosi moja maji yakitoka, wachukueni watoto hadi Sabaki au Mida. Muwaonyeshe yangeyange, muwatajie jina lake, mngoje mpaka aruke. Kisha wasomeeni aya, na wenye kuweza watungiwe ubeti. Anayemjua ndege kwa jina, na akajua ni nani anayemshika angani, ni vigumu mkono wake kuokota jiwe.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa waangalifu wa amana yake, ardhini na baharini. Amin.