Bagamoyo kwa Nauli ya Daladala

Jina la Bagamoyo ni sentensi fupi, na tangu zamani watu hawajapatana namna ya kuisoma. Wako wasemao kuwa ni kilio cha mtumwa: bwaga moyo wako hapa, kwani ng'ambo ya maji hautakuwa wako tena. Wako wasemao kuwa ni pumzi ya mpagazi aliyetembea miezi kutoka Unyamwezi na pembe begani, hata siku moja akaiona bahari: bwaga moyo, mzigo umefika. Kitenzi ni kile kile. Kubwaga ni kukitupa chini kitu kilichokuelemea. Hubwagwa kuni, hubwagwa gunia, na aliyekata tamaa hubwaga manyanga. Mwenye kulifasiri jina hili kwa lugha nyingine hulazimika kushika njia moja na kuiacha ya pili, na wauzao safari za watalii aghalabu wameshika ile ya kilio. Atakaye kuupima uchaguzi huo hahitaji mkoba mnene. Siku moja yatosha, na viatu vyepesi.

Kutoka Dar es Salaam ni takriban kilomita 70 za lami, na nauli ya daladala haimuumizi mtu. Msomaji wa Unguja ni heri alale Dar usiku wa kuamkia safari, maana akitegemea boti ya asubuhi atafika Bagamoyo jua limekwisha kuwa kali. Kiingilio cha mwananchi katika magofu ni kidogo kuliko cha mgeni wa nje. Chupa ya maji, maandazi mawili matatu na kofia. Mengine ni miguu.

Ni vyema kuanzia Kaole, mwendo wa kilomita tano hivi kusini ya mji, kabla ya joto. Hapo pana magofu ya misikiti miwili, mmoja ukihesabiwa kuwa wa karne ya 13, na makaburi yenye nguzo za mawe ya matumbawe ambamo mafundi walipachika mabakuli ya kaure ya China. Mabakuli hayapo tena kwenye nguzo. Yamebaki matundu ya duara, kama macho. Tope na mikoko viliiziba bandari, biashara ikasogea kaskazini, Kaole ikaachwa na wafu wake. Msafiri mwenye haraka huona kuta fupi na kuondoka. Asiye na haraka hukaa kivulini akatambua kwamba watu hawa waliswali hapa miaka mia sita kabla ya Mzungu yeyote ambaye jina lake limeandikwa mjini.

Kurudi mjini, njia hupita Ngome Kongwe, iliyojengwa katika miaka ya 1860 kuwa makaazi ya mfanyabiashara, kisha ikawa ya askari, kisha jela, kisha polisi. Haidai muda mrefu.

Misheni ndiyo idaiyo muda. Mapadre wa Roho Mtakatifu walivuka kutoka Unguja mwaka 1868, wakakomboa watumwa na kuwajengea kijiji. Kwa hiyo kilio kinachosemwa si uzushi. Waliolia walikuwapo, na wajukuu wao wapo. Lakini tazama mbuyu ulioko uani, uliopandwa mwaka huo huo wa 1868. Chini ya shina hutokeza kipande cha mnyororo, na wageni huinama kukipiga picha wakiamini kwamba ni pingu ya mtumwa. Simulizi ya misheni yenyewe ni nyingine: bibi mmoja wa Kizungu alifungia punda wake hapo, mti ukanenepa ukaumeza mnyororo. Punda! Mwenye kuja na hadithi yake tayari hasikii hata mti ukimwambia vingine.

Hatua chache tu na upo mnara wa kanisa la zamani, uitwao kwa jina la Livingstone, ambaye hakuuingia akiwa hai. Alifariki kijijini kwa Chitambo, katika Zambia ya leo, tarehe 1 Mei 1873. Wenzake wakautoa moyo wake wakauzika huko chini ya mti. Mwili wakaukausha, wakaufunga, wakauchukua mabegani hadi Bagamoyo, walikofika Februari 1874. Wachukuzi hao wakiongozwa na Susi na Chuma walikwenda miezi tisa na mzigo ambao wenyeji wa njiani waliuogopa. Moyo ulikwisha kubwagwa mbali. Bagamoyo palitolewa mwili tu, ukalala usiku mmoja na kupelekwa Unguja kwa meli. Wote wawili walifia Zanzibar, Chuma mwaka 1882 na Susi mwaka 1891. Mnara haukuitwa kwa jina lao.

Hapa ndipo somo la pili la jina linapopata uzito. Katika karne ya 19 bandari kuu ya watumwa katika Mrima ilikuwa Kilwa, kusini. Bagamoyo ilisimama kwa pembe za ndovu, na pembe zilibebwa na wapagazi, wengi wao waungwana waliopatana ujira na kulipwa nguo. Walikuja kwa maelfu, wakajaza mji, wakagombea bei, wakarudi na merikani mabegani. Kambi zao zilikuwa za miti na nyasi, hivyo hazikuacha gofu la kulipia kiingilio. Kuwaita wote watumwa ni kuwanyang'anya ujira wao mara ya pili.

Alasiri ni ya Wadachi, kama walivyoitwa Mrima wakati huo. Boma lao la mwaka 1897 ni kubwa na lenye majivuno, ingawa makao makuu yalikwisha kuhamia Dar es Salaam mwaka 1891. Karibu na ufuo yamo makaburi ya askari wao, kama ishirini, meupe, yaliyofagiwa. Si mbali ni mahali walipowanyonga waliowapinga. Wa kwanza wana majina juu ya mawe. Kwa hao wa pili, na kwa Abushiri bin Salim aliyenyongwa Pangani mwezi Disemba 1889, inafaa kuwa na kitabu mkobani: utenzi wa Hemedi bin Abdallah el-Buhriy juu ya vita vya Wadachi kutamalaki Mrima, mtu wa upande wa Tanga aliyeyaandika mambo hayo yakiwa bado mabichi. J. W. T. Allen aliufasiri kwa Kiingereza, ila asili yake husomeka vizuri zaidi, hasa kwa sauti, chini ya minazi, kabla ya daladala ya mwisho kupiga honi stendi.