Mtu Asiye na Ukoo Kanisani

Wanafunzi wa ubatizo huniuliza mara kwa mara, "Mwalimu, upendo wa Kanisa waonekanaje?" Nami huwajibu: Msiutazame kwa mwenye kaka watano na wajomba watatu. Huyo akiugua, jamaa zake watamwuguza. Hata wasiomjua Kristo hufanya hivyo, na pengine hutushinda. Utazameni kwa yule asiye na mtu.

Wenyeji wa Mombasa wapajua Kengeleni, upande wa Kisauni. Jina hilo latokana na kengele ya misheni ya Freretown, iliyoanzishwa mwaka wa 1875 iwe makao ya watu waliookolewa katika majahazi ya watumwa. Maana soko la Unguja lilikuwa limefungwa mwaka wa 1873, lakini biashara ile iliendelea kwa siri baharini. Walioshushwa pale walikuwa Wayao, Wanyasa, Wamakua na wengineo, na wengi walikamatwa wangali watoto. Sasa fikirini: kijana ataka kuoa, nani ampelekee posa? Mama amejifungua, nani amkande? Mzee amekufa, nani achimbe kaburi, na matanga yawekwe nyumbani kwa nani? Kwetu mambo hayo yote ni kazi ya ukoo, na ukoo hawakuwa nao. Hapakuwa na wa kuwatendea ila jirani aliyesali nao.

Huko Rabai, penye misheni tangu mwaka wa 1846, jambo lilikuwa zito zaidi. Watumwa waliotoroka mashamba ya pwani walikimbilia huko, na William Jones, aliyewaongoza Wakristo wa hapo, akawapokea. Yeye mwenyewe alikuwa Myao, aliuzwa utotoni akasomeshwa Nashik katika Bara Hindi. Mabwana wakadai watu wao kwa vitisho. Kumlaza mtoro nyumbani kwako ilikuwa kujitia hatarini wewe na watoto wako. Walipohesabiwa mwaka wa 1888, walikutwa katika misheni za pwani watoro zaidi ya 1,000. Wakalipiwa fidia, na mwaka wa 1889 wakapewa hati za uhuru. Hesabu hiyo hunistaajabisha. Watu wengi hivyo hawawezi kulishwa na mtu mmoja, hata awe hodari namna gani. Lazima zilikuwako nyumba nyingi ambamo sima ilisongwa kuzidi midomo ya wenye nyumba.

Mtaani kwetu hatutishwi na mtu mwenye silaha. Alikuja mjane kutoka bara, atafuta kibarua, na mtoto mgongoni. Kila Jumapili alikaa ubao wa nyuma. Alipougua, wazee wakaulizana, "Ametoka mtaa gani? Mbona hakuleta barua ya mchungaji wake?" Mtunza fedha akafungua daftari la chama cha kuzikana na kuuguzana, akasema jina lake halimo. Wala simlaumu; fedha ile ni ya waliochanga, na daftari ni daftari. Lakini homa haikungoja barua. Mama wawili wa kwaya hawakuhudhuria shauri lile. Mmoja alikuwa akimtekea maji, na wa pili amekwisha mchukua mtoto, amlisha pamoja na wanawe. (Mume wake alinung'unika kidogo, kisha akaonekana amembeba yule mtoto begani akienda naye dukani.)

Sasa mjane amepona, naye amerudia kibarua chake. Shauri ndilo lililobaki. Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao baraza litakaa kuamua kama sehemu ya fedha ya chama itengwe kwa ajili ya mgeni asiyeandikwa, na kama itengwe, ni kiasi gani, na nani atamshuhudia kwamba ni mhitaji kweli. Wako wanaoogopa kwamba wavivu watatujia kwa wingi. Mimi nitasimama kumtetea mgeni. Walimu wenzangu, katika mitaa yenu mwafanyaje? Niandikieni kabla ya siku hiyo, nipate kuwasomea wazee.