Riba ya asilimia 20

Sisi vijana wa hapa Nakivale tulidhani hesabu ni ya mtihani tu. Siku hizi wamama wanatuletea madaftari yao. Mmoja alikopa shilingi 50,000 za mtaji wa mandazi, riba asilimia 20 kila mwezi. Miezi mitano amelipa 10,000, 10,000. Jumla 50,000, na deni bado ni 50,000 ileile! Yote ilikuwa riba.

Tukapiga hesabu naye: unga, mafuta, sukari, na makaa (makaa watu husahau kabisa). Faida ya mwezi 26,000. Akitoa riba anabaki na 16,000, watoto wanne.

Kesho tunaenda naye kwenye kikundi cha akiba. Kule riba ni asilimia 5, yaani 2,500. Akipata mkopo, anamlipa yule jamaa na kuchukua kadi yake ya chakula aliyoiweka rehani.