Baba, karata mbili na bakuli la choroko

Somo la kwanza ambalo kijana alimpa baba yake kuhusu poka lilikuwa kutocheza.

Ilikuwa Februari, mjini Bariadi, mvua imeshika na shambani hakuendeki. Kijana wa miaka 21 anayesoma chuo Mwanza alikuwa amerudi nyumbani kwa wiki mbili, na kwenye begi lake kulikuwa na pakiti ya karata na mchezo aliofundishwa na wenzake wa hosteli. Baba yake, mkulima wa pamba na choroko aliyevuka miaka 50, karata anazijua tangu ujana. Amecheza albastini chini ya mwembe, anajua kuchunga turufu, anajua kuipiga karata chini hadi meza inaitika. Alidhani poka ni yale yale yenye jina la Kizungu.

Mama hakutaka hata kuziona.

Alikuwa na sababu. Msimu uliopita, hela ya pamba ilipungua shilingi 180,000 kabla ya kufika nyumbani. Baba alisema kwanza ni mizani. Siku mbili baadaye akasema ni deni la dawa ya kupulizia. Mwisho akasema ukweli: ni dubwi, zile mashine za kutumbukiza sarafu ya 200 zinazowaka taa na kupiga muziki. Godoro la binti aliyekuwa anaingia bweni la kidato cha kwanza likanunuliwa kwa mkopo wa kikoba. Mama aliulipa kidogo kidogo kwa faida ya mafuta ya alizeti anayouza sokoni, na hakuna siku aliyopaza sauti juu ya jambo hilo. Wanaomfahamu wanajua kimya chake kilikuwa kizito kuliko kelele.

Kwa hiyo alipoziona karata juu ya meza ya kulia chakula, alitoa sharti moja. Hela isionekane hapo, hata sarafu ya 50. "Mkitaka dau, chukueni choroko," alisema. "Na zote zirudi kwenye bakuli, kesho ni mboga."

Kila mmoja akahesabiwa choroko 100.

Kwa mzazi ambaye hajawahi kuuona mchezo huu, hasa aina inayochezwa zaidi duniani, uko hivi. Kila mchezaji anapewa karata mbili anazozificha. Katikati ya meza zinafunuliwa karata tano za wote: kwanza tatu kwa pamoja, kisha moja, kisha moja ya mwisho. Anayeunda karata tano bora kutokana na hizo saba ndiye mshindi. Jozi ni nzuri, jozi mbili ni bora zaidi, tatu za namba moja zinazishinda hizo, na kuendelea hivyo kupanda. Kila hatua kuna kuweka dau. Asiyetaka kulipa anatupa karata zake na kusubiri mgawo unaofuata.

Hapo kwenye kutupa ndipo ulipo mchezo wote, na hapo ndipo baba alipokwama.

Kijana alimweleza kwamba pakiti ya karata 52 inaweza kutoa michanganyiko 1,326 ya karata mbili za mwanzo, na mingi kati ya hiyo ni takataka. Jozi ya mkononi huja mara moja katika migawo 17. Ree mbili, ambazo kila mtu anaziota, huja mara moja katika migawo 221. Karata mbili zisizofanana zitapata jozi kwenye zile tatu za kwanza za mezani karibu mara moja tu katika kila tatu. Kwa hiyo anayeanza anashauriwa kutupa migawo mingi kuliko anayocheza. Akipata nzuri, aongeze dau yeye mwenyewe badala ya kufuata fuata wenzake kwa woga. Akipata mbovu, aachie mapema ingali bei rahisi.

"Sasa mtu anakaa mezani ili atupe karata?" baba aliuliza. "Si bora nikalale."

Akacheza kila mgawo. Saba na mbili, akaingia. Tisa na tatu, akaingia. Kila alipoambiwa alipe choroko tano, alilipa, kwa sababu tano ni kidogo. Baada ya nusu saa alikuwa amebakiwa na choroko 31, na hakuna mgawo hata mmoja uliomwondolea nyingi kwa mpigo. Zilikuwa zimeondoka tano tano, mbili mbili, kama sarafu za 200.

Binti wa miaka 14, yule wa godoro, alikuwa amecheza migawo minne tu na alikuwa na choroko 160.

Ilikuwa katika mgawo mmoja wa usiku huo ndipo mambo yalipobadilika. Baba alikuwa na kopa mbili mkononi, na mezani kulikuwa na kopa mbili nyingine. Kopa moja zaidi ingempa tano za aina moja, na hapo angeshinda. Ilikuwa imebaki karata moja kufunuliwa. Fungu la katikati lilikuwa na choroko 40. Zamu hiyo kijana alikuwa amewakopesha wote choroko za ziada, kwa makusudi, ili aonyeshe hesabu. Akaweka 40 nyingine, akamwambia baba yake afikirie kwa sauti.

Hesabu yenyewe haihitaji kalamu. Kopa ni 13 kwenye pakiti. Nne zinaonekana, zimebaki tisa. Karata ambazo baba hajaziona ni 46. Tisa katika 46 ni kama mara moja katika tano. Sasa angalia bei: analipa 40 ili ashindanie jumla ya 120, maana yake ili asile hasara anahitaji kushinda walau mara moja katika tatu. Ananunua nafasi ya moja kwa tano kwa bei ya moja kwa tatu. Ni ghali, atupe. Kama kijana angeweka 10 tu, baba angelipa 10 kushindania 60, bei ya moja kwa sita kwa kitu chenye nafasi ya moja kwa tano. Hapo angelipa bila kusita, hata kama mara nyingi kopa isingetokea.

Baba alielewa. Ni mtu aliyeuza ng'ombe mnadani maisha yake yote. Kitu kizuri kwa bei mbaya hakimchanganyi. Lakini alilipa hata hivyo.

"Nimeshaweka nyingi humu," alisema. "Siwezi kuziacha."

Kijana akamjibu taratibu, bila dharau: "Baba, zile ulizoweka si zako tena. Ni za fungu. Unazoamua ni hizi zilizobaki mkononi."

Mama alikuwa anachambua mchele pembeni. Mikono yake ilisimama.

Karata ya mwisho ilikuwa shupaza. Baba akaliwa. Hakuzungumza kwa muda, na wote pale mezani walijua kwamba hawazi choroko.

Kufukuzia kilicholiwa si tabia ya wajinga, na wala si ya wavivu. Ni namna akili ya mtu yeyote inavyouma inapopoteza. Mkulima wa Simiyu anaijua bila karata: shamba limeshambuliwa na mvua imekata, lakini anapulizia dawa nyingine ya mkopo kwa sababu ameshatumia nguvu nyingi mno kulipalilia. Wakati mwingine anapatia. Swali sahihi ni kama dawa ya leo itarudisha gharama ya leo. Jasho la Desemba limeshakwenda, libaki au lisibaki shamba.

Usiku wa pili mama alivuta kiti. Hakueleza kwa nini. Ndani ya siku tatu alikuwa mchezaji bora wa nyumba hiyo, jambo ambalo halikumshangaza mtu aliyewahi kununua mafuta kwake. Alitupa karata bila huzuni. Alipenda kukaa mahali pa kusema mwisho, na hakuhitaji kufundishwa sababu: anayetaja bei wa mwisho amewasikia wengine wote. Na alipochimba mkwara, akiweka choroko 50 bila kitu chochote mkononi, uso wake ulikuwa ule ule wa kumwambia mteja kwamba bei haishuki. Baba alitupa jozi ya malkia. Mama akaonyesha nne na saba, na kwa mara ya kwanza tangu msimu wa pamba watu hao wawili wakacheka pamoja.

Hapo ndipo baba alipouliza swali lililokuwa limemkaa kooni. Kama poka ina hesabu, je, dubwi nalo lina hesabu?

Lina hesabu, ila ni ya mwenye mashine. Kwenye poka unashindana na binadamu mwenzako, naye hukosea. Unaona bei kabla ya kulipa na unaweza kutupa. Mashine haina karata ya kutupa. Imepangwa irudishe pungufu ya ilichokusanya, na kadiri mtu anavyokaa mbele yake ndivyo pengo hilo linavyozidi kumla. Ile imani kwamba "imeshiba, sasa itatema" haina msingi pale ambapo kila mzunguko unajitegemea. Mashine haikumbuki kwamba umekaa hapo tangu asubuhi. Mwaka 1913, katika kasino ya Monte Carlo huko Monaco, kijipira cha ruleti kiliangukia nyeusi mara 26 mfululizo. Watu walirundika hela kwenye nyekundu wakiamini sasa lazima, na wakaliwa hela nyingi mno. Walikuwa matajiri waliovaa suti. Kosa ni lile lile.

Mikeka ya mpira ina ujanja wake. Mtu anayejua soka anaona kama anatumia akili, na kweli anaitumia, lakini malipo yamepangwa ili kampuni ibakiwe na chake. Kila timu anayoiongeza kwenye mkeka inaongeza na makato hayo.

Na poka yenyewe isisafishwe kupita kiasi. Ikichezwa kwa hela kwenye kasino au mtandaoni, mwenye nyumba hukata chake kwenye kila fungu, kwa hiyo wachezaji kwa jumla wanaondoka na pungufu ya walichokuja nacho. Anayeanza akiingia mtandaoni anakutana na watu waliocheza maelfu ya migawo. Kujua hesabu ya kopa tisa hakumfanyi awe sawa nao. Hapa Tanzania, Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 inakataza walio chini ya miaka 18 kucheza kamari, iwe karata, mashine au mkeka.

Kuna mstari ambao mzazi anapaswa kuutambua, kwa mwanawe au kwa mwenzi wake. Shirika la Afya Duniani linaitambua kamari iliyomshinda mtu kuwa ni ugonjwa wa akili, na mwaka 2013 wataalamu wa magonjwa ya akili wa Marekani waliiweka kundi moja na uraibu wa pombe na dawa za kulevya. Dalili hazionekani kwenye damu. Mtu anaongeza dau ili asikie msisimko ule ule. Anarudi kesho kufukuzia ya jana. Anaficha, anakopa, anauza vitu. Akijaribu kuacha anakuwa na hasira za bure. Uongo wa mizani na deni la dawa, ule wa baba huyu, ni dalili mojawapo, ingawa peke yake hautoshi kumwita mtu mgonjwa. Mahali pa kuanzia ni kituo cha afya au ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri, na mgonjwa anayepelekwa bila kutukanwa njiani hufika kwa urahisi zaidi.

Wazazi hao wawili hawajakubaliana kuhusu binti. Baba anaona mtoto anayejua kwamba tisa katika 46 ni mara moja katika tano ana kinga dhidi ya kibanda cha mashine. Mama anaona kinga hiyo ni nyembamba, kwa sababu mtoto akishazoea utamu wa kushinda choroko 160, siku moja atataka kuonja wa hela. Wote wawili wana hoja, na kusema kweli ya mama ina uzito zaidi: wapo wataalamu wa hesabu walioliwa vibaya. Kilichoamuliwa ni kwamba binti acheze nyumbani tu, mbele ya watu wazima, na anayekasirika anainuka mezani awe mkubwa au mdogo. Wa kwanza kuinuliwa alikuwa baba.

Kuhusu hela ya pamba, hakuna aliyehutubia. Baba mwenyewe ndiye aliyesema, akiwa anachanga karata, kwamba msimu ukifunguliwa Mei wataenda wote wawili kupokea malipo, na kwamba yeye atabaki na nauli tu mfukoni. Mama akamwambia agawe karata.

Kijana amesharudi Mwanza. Anacheza poka kwenye simu kwa hela za kuigiza, au ndivyo anavyosema. Mama akipiga simu humsalimia, humuuliza kama amekula, kisha humuuliza kama ni ya hela. Anajibu hapana. Wiki inayofuata anauliza tena.