Uwaziri wa Jules Verne

Nimepata kuwa waziri wa Ufaransa kwa muda wa Jumamosi nne, na uwaziri ule ulinitaabisha kuliko kazi ninayolipwa mshahara kuifanya.

Sharti nieleze, maana si kila msomaji amepata kuuona mchezo wa namna hii. Waitwa Castle Falkenstein, nao ulitungwa na Mmarekani Mike Pondsmith ukatolewa mwaka 1994. Watu wachache huketi mezani. Mmoja husimulia mambo yanavyokwenda, na kila mmoja wa waliosalia hutwaa nafsi ya mtu fulani, akanena kwa kinywa chake na kuamua kwa akili yake. Penye shaka ya kufaulu, karata huamua. Ulimwengu wake ni Ulaya ya miaka ya 1870, lakini si ile ya vitabu vya historia. Majoka huruka juu ya miji, wachawi wana vyama vyao, mitambo ya mvuke hutenda yasiyotendeka, na watu waliozaliwa vitabuni, kama Kapteni Nemo, wana mwili na kivuli sawa na sisi. Ufaransa yatawaliwa na Napoleon III, ambaye simwongezei neno, kwani mchezoni hunichosha kama anichoshavyo katika historia. Waziri wake wa Sayansi ni Jules Verne.

Wafaransa wenyewe ni wakongwe wa sanaa hii ya kuipindua historia. Louis Geoffroy alitoa mwaka 1836 kitabu ambamo Napoleon wa kwanza haangamii Urusi, bali huitamalaki dunia nzima.

Verne wa kweli hakupata uwaziri. Alizaliwa Nantes mwaka 1828, akasoma sheria, akafanya kazi katika soko la hisa la Paris, kisha kalamu ikamlisha. Cheo alichokipata ni udiwani wa mji wa Amiens, aliochaguliwa mwaka 1888 akiwa na umri wa miaka 60, na humo alishughulika na tamthilia na jengo la sarakasi. Naupenda udiwani ule. Ningalicheza diwani kwa moyo mweupe zaidi.

Lakini mimi na Verne tulikuwa na kesi ya zamani. Riwaya iliyomjulisha kwa watu mwaka 1863, Cinq semaines en ballon, yaanzia safari yake kwetu Unguja, na puto la Daktari Fergusson lavuka bara zima hadi mto Senegal. Nilikuwa na miaka 13 nilipoipata katika tafsiri ya Kiingereza. Bibi yangu, asiyejua lugha hiyo, alitaka nimsomee kwa Kiswahili kila usiku baada ya Isha. Alifurahi mno kusikia kwamba Mfaransa ameianzisha hadithi nyumbani. Tukafika pale watu wa Unguja wanapolighadhibikia puto kwa kudhani litalidhuru jua na mwezi. Bibi akacheka, akasema mtu huyu hakupata kuzungumza na nahodha hata mmoja. Tukafika Kazeh, yaani Tabora, ambako wenyeji walidhani puto ni mwezi wenyewe. Hapo hakucheka. Ikaja pia sura ambayo nyani wadhaniwa kuwa ni watu, na wasafiri wakafanya mzaha juu ya ufanano huo.

Nikanyamaza.

“Mbona kimya, mjukuu wangu?”

Nikamwambia ukurasa umechanika. Haukuwa umechanika. Alifariki akiniamini, au akijifanya kuniamini.

Verne hakuwa ameikanyaga nchi hiyo alipoandika. Aliyaokota mengi katika vitabu vya wasafiri, Burton na Speke miongoni mwao, na sioni kwamba jambo hilo lampunguzia kitu.

Basi nafsi zilipogawanywa mezani nami nikaangukiwa na Verne, nilitaka kukataa. Msimulizi wetu, mwalimu wa historia, akasema, “Maalim, wewe ndiwe unayemfahamu.” Nikakubali. Kwa Jumamosi tatu nilikuwa waziri hodari: niliunda mizinga, nikajadiliana na majoka, nikamwambia Kaisari asiyopenda kusikia. Wenzangu walinisifu. Nilitegemea nitaona uzito kusema “sisi Wafaransa”, nami sikuuona. Ulimi uliteleza kama juu ya mafuta, na urahisi huo ndio ulioninyima usingizi.

Jumamosi ya nne msimulizi akamleta Paris Seyyid Barghash bin Said. Hakubuni: Sultani huyo wa Unguja aliizuru Ufaransa kweli mwaka 1875, baada ya Uingereza. Tulikuwa tumekwisha kupatana kwamba waziri wetu ndiye aliyekiandika kitabu kile kile. Nikampokea mgeni kwa taadhima, nikamwonyesha mitambo. Akaitazama kwa adabu, kisha akaketi.

“Mheshimiwa Waziri,” akasema, “nimeambiwa umeandika habari za nchi yangu. Nisomee.”

Kitabu nilikuwa nacho mfukoni. Nikakifungua, nikasoma kwa Kiswahili nikitafsiri kama zamani: jua na mwezi, Kazeh, na sura ya nyani yote, bila kuruka neno. Hakuna aliyezigusa karata.

“Nawe ulikuwa umekaa wapi,” akauliza, “ulipotuona hivi?”

“Paris, Seyyid,” nikasema. “Mezani kwangu.”

Akaagiza kahawa, akataka nirudie sura ile tangu mwanzo, polepole.